Mwezi Umezaliwa, Lakini Je, Umeonekana?



Kila ikifika jioni ya tarehe 29 Shaabani mambo ni yale yale. Huyu ana redio sikioni, yule anapiga simu Lamu, mwengine kashaambiwa na jamaa zake wa Saudia kuwa kesho ni saumu. Kukicha, nyumba moja, mmoja amefunga na mwenzake anakunywa chai. Na maneno yanayorushwa hapo, wallahi, mengine hayafai kuandikwa. Leo sitoi fatwa, hiyo ni kazi ya masheikh. Nataka tuuangalie mwezi wenyewe, manake wengi wetu twaugombania na hatuujui.

Je, wajua kuwa mwezi hauna mwangaza wake? Unaong'aa ni mwangaza wa jua. Mwezi ukipita baina ya ardhi na jua, upande wenye nuru huelekea juani na sisi tukabakiwa na upande wa kiza. Hapo ndipo wanafalaki husema mwezi umezaliwa, na wakati huo huhesabiwa miaka mingi kabla, mpaka dakika yake. Lakini mwezi uliozaliwa sasa hivi hauonekani! Lazima kwanza ujitenge na jua. Ni nadra sana mwezi wa chini ya saa 15 kuonekana kwa macho matupu. Kwa hivyo ukiambiwa, "Kompyuta imesema mwezi upo," uliza: upo, au waonekana? Hayo ni mambo mawili.

Sasa sikiliza hili. Mombasa na Makka ziko karibu mstari mmoja wa kusini na kaskazini, ndio maana sisi kibla chetu ni kaskazini. Moroko iko mbali magharibi, na jua lake hutua kama saa 3 baada ya letu. Katika saa hizo mwezi umeongeza umri na umezidi kuachana na jua. Basi yawezekana kabisa usionekane Mombasa na uonekane Moroko jioni ile ile, na hakuna aliyesema uwongo. Na hapo hatujataja mawingu ya masika!

Jengine: toka mwezi kuzaliwa hadi kuzaliwa tena ni wastani wa siku 29, saa 12 na dakika 44. Ndipo mwezi wetu ukawa wa siku 29 au 30, kamwe si 31. Miezi 12 ni kama siku 354, pungufu ya siku 11 kwa mwaka wa jua. Ndio maana Ramadhani huzunguka misimu yote kwa kiasi cha miaka 33, na mwaka 2030 inatarajiwa kuingia mara mbili, Januari na Disemba. Aya ya 5 ya Surat Yunus yatueleza kuwa mwezi umewekewa vituo ili tujue idadi ya miaka na hesabu. Hesabu basi si kitu kigeni kwetu.

Idd nayo yaja. Jioni ya tarehe 29 toka na wadogo zako, pandeni darini au shukeni ufuoni, mtazame upande jua linapotulia. Ukiuona, toa ushahidi. Usipouona, usimwite mwenzako mwongo. Mwezi huandama na kuondoka, lakini ndugu yako mtakutana naye msikitini kesho.

Wabillahi tawfiq.