Mahali pa Kupumzikia Madereva: Kwa Nini Tunapahitaji, na Papangweje
(Hotuba ya afisa wa polisi jamii kwa wakazi na wafanyabiashara wa Malaba)



Nimesimama mbele yenu kuzungumzia jambo ambalo kila mmoja wetu huliona jioni: safu ya malori yaliyoegeshwa ukingoni mwa barabara, mengine bila taa, mengine yakiwa yamebeba mafuta. Pendekezo la kujenga kituo cha mapumziko limekwisha kuwafikia, na najua limewagawa. Sikuja kulisifu. Nimekuja kueleza kwa nini sisi polisi tunaliunga mkono, na kwa masharti gani.

Dereva afikaye hapa kutoka bandari ya Mombasa amekwisha kusafiri zaidi ya kilomita 900, na mbele yake iko Kampala, pengine Kigali, Bujumbura au Juba. Mwili wake si chuma. Katika Umoja wa Ulaya, sheria humtaka dereva wa lori apumzike dakika 45 kila baada ya kuendesha saa nne na nusu. Uingereza nayo ina mwongozo kwamba umbali kati ya vituo vya mapumziko katika barabara kuu usizidi maili 28, yaani kilomita 45 hivi. Mambo hayo mawili hutegemeana, kwani amri ya kupumzika haitekelezeki pasipo mahali pa kupumzikia. Askari akimgongea dereva usiku wa manane na kumwamuru aondoke ukingoni, amwelekeze wapi?

Ipo hatari nyingine, nayo ni yetu sisi wenyeji. Tarehe 2 Julai 2010, huko Sange, Kivu Kusini, lori la mafuta lilipinduka katikati ya makazi. Watu walikusanyika, wengine wakachota mafuta, kisha moto ukalipuka. Waliokufa walizidi 200. Miongoni mwao wamo ambao hawakuchota hata tone. Walikuwa wameketi wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Ndugu zangu, kila lori la mafuta linalolala karibu na jiko la mkaa hapa kwetu hunikumbusha kijiji kile.

Akina mama wauzao chakula wameniuliza: lori likihamishwa, mteja naye si amehamishwa? Swali hilo ni la haki. Japani ilianzisha mwaka 1993 mpango wa vituo vya barabarani ambamo maegesho na vyoo hutolewa bure usiku na mchana, na papo hapo wenyeji huuza mazao na vyakula vyao. Mamlaka ya uratibu wa Ushoroba wa Kaskazini, yenye makao yake Mombasa, nayo imekuwa ikihimiza vituo vya barabarani katika njia yetu. Basi inawezekana msafiri apumzike na mwenyeji apate riziki, iwapo jambo hilo litapangwa tangu mwanzo.

Kwa hiyo tunapendekeza masharti manne. Kwanza, kituo kiwe karibu na mji, kwa umbali ambao mama mwenye sufuria atamudu nauli ya boda boda, na kiwe na njia za kuingilia na kutokea zisizolazimisha malori kukatiza barabara. Pili, malori ya mafuta yatengewe uwanja wao, mbali na majiko na vyumba vya kulala. Tatu, vibanda vigawiwe kwanza wale wanaouza ukingoni leo, kwa orodha itakayosomwa hadharani. Nne, kuwe na taa, maji, vyoo, zahanati na kituo kidogo cha polisi. Na ada ya maegesho iwe nafuu, kwa maana dereva akitozwa kupita kiasi atarudi ukingoni, nasi tutakuwa tumejenga uwanja mtupu.

Wala nisiwadanganye: kituo hakitamaliza foleni. Mnaikumbuka Januari 2022, mgogoro wa kupima madereva Uviko ulipoyakwamisha malori kwa makumi ya kilomita upande wa Kenya. Foleni ya namna hiyo huondolewa na kasi ya kazi mpakani. Kituo hutupunguzia ajali, moto na wizi wa usiku, na hayo pekee yanatosha kukihalalisha.

Ombi langu ni moja. Kila anayeuza ukingoni aandikishe jina lake kwa mwenyekiti wa mtaa wake, na kila mwenye shamba linalotajwa aje na hati zake na maswali yake kabla mpango haujachorwa. Anayenyamaza leo atalalamika wakati saruji imekwisha kukauka. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi ndio wenyeji. Tuseme mapema namna tunavyotaka kupona.