Nge, Shorobo na Tochi ya Urujuanimno



Aingiaye usiku msituni Amani, Usambara Mashariki, na tochi ya urujuanimno ya nanomita 365, mwanga wa tochi yenyewe hauoni ila kwa shida, maana jicho la binadamu huanza kuona karibu na nanomita 400. Anachokiona ni jibu la msitu. Mwani uliotanda kwenye magome huwa mwekundu uliofifia, baadhi ya likeni hugeuka manjano, na nge aliyejibanza kwenye ufa wa gome hung'aa samawati iliyochanganyika na kijani.

Huyu si kimulimuli. Kimulimuli hutengeneza mwanga wake mwilini. Nge hupokea mionzi tusiyoiona na kuirudisha ikiwa imepungua nishati, ndipo tukaiona. Zima tochi, naye huzimika papo hapo. Mwaka 1852 George Gabriel Stokes, wa Cambridge, alilipa jambo hili jina la fluoresensi, na miongoni mwa vitu alivyovichunguza ni kwinini na klorofili. Amani ina sehemu yake katika habari za kwinini: kituo cha utafiti kilichoanzishwa huko na Wajerumani mwaka 1902 kilipanda mikwinini, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kikatengeneza dawa hiyo.

Hoja yangu jioni hii ni kwamba mng'ao tusiuite ujumbe kabla hatujampata anayeusoma.

Tuanze na nge. Kung'aa kwake kuliripotiwa mwaka 1954, na mwaka 1999 mojawapo ya kemikali zinazohusika, beta-kabolini, ikatambuliwa katika gamba lake. Nge aliyejivua gamba punde hang'ai. Mng'ao huja kadiri gamba jipya linavyokomaa na kuwa gumu. Nge waliohifadhiwa ndani ya spiriti kwenye makabati ya makumbusho bado wanang'aa, ingawa hawana tena wa kumwita wala wa kumtisha. Hapo nauona mng'ao kwanza kama zao la kukomaa kwa gamba. Douglas Gaffin wa Chuo Kikuu cha Oklahoma amependekeza kuwa huenda mwili mzima wa nge humsaidia kuhisi mwanga, ili ajue kama amefunikwa na kivuli au yuko peupe. Napenda dhana hiyo kwa sababu inaweza kujaribiwa, na kwa sababu anayeusoma mng'ao, kama ni kweli, ni nge mwenyewe.

Mfano unaonivutia zaidi ni wa porfirini, jamii ya molekuli ambayo hata wekundu wa damu yetu unatokana nayo. Manyoya mapya ya bundi wengi yana porfirini, nayo hung'aa waridi hadi nyekundu. Jua huiharibu, kwa hiyo watafiti huitumia kutofautisha manyoya mapya na ya zamani na kukadiria umri wa ndege. Mwaka 2021 ilitangazwa kuwa kamendegere, mnyama wa nyanda kavu na si wa msitu, naye ana porfirini inayong'aa kwenye manyoya yake. Sasa mtazame ndege aitwaye shorobo. Wekundu wa bawa lake ni turasini, ambayo pia ni porfirini, lakini imeshika shaba, na shaba huzima fluoresensi. Rangi anayoionyesha mchana kweupe imo katika jamii ileile ya molekuli. Tofauti ni atomu moja ya metali katikati yake.

Ndiyo maana picha za usiku zinazosambazwa za wanyama wanaong'aa chini ya urujuanimno zinanipa wasiwasi. Tochi yetu humwaga urujuanimno mwingi kuliko mbalamwezi iliyochujwa na majani. Kiumbe anayewaka kwenye kamera huenda hana hata chembe ya mwanga unaoonekana katika usiku wake wa kawaida.

Kwa wanafunzi watakaokwenda msituni: vaeni miwani ya kukinga mionzi, msimmulike mnyama machoni, na pimeni kwanza mwanga uliopo chini ya miti kabla tochi haijawashwa. Kisha chunguzeni macho ya wale wanaomla nge na ya wale anaowala yeye, mjue yanaona rangi zipi gizani.