Chumvi ya Ngamia na Hesabu ya Nane



Mfugaji wa Isiolo hana haja ya kufundishwa kwamba mnyama hutamani chumvi. Ngamia huihitaji kwa wingi kuliko ng'ombe, na asipoipata katika majani ya chumvichumvi au maji ya kisima, hupelekwa inakopatikana. Kreta ya Magado, chini ya milima ya Nyambene, inajulikana kwa wachimbaji wake Wameru na kwa wafugaji wanaoshuka huko na mifugo. Leo nawaomba tuingie ndani ya punje moja ya chumvi ya kawaida, ile ya jikoni.

Punje hiyo ina sodiamu na klorini. Sodiamu peke yake ni metali laini inayokatika kwa kisu, na maabarani huwekwa ndani ya mafuta, kwa kuwa ikiguswa na maji huwaka na hata kulipuka. Klorini peke yake ni gesi ya rangi ya kijani na manjano. Aprili 1915 iliua askari karibu na Ypres, Ubelgiji. Zikishaungana, ngamia anaziramba na kupata nguvu.

Kilichobadilika ni elektroni moja tu. Atomi ya sodiamu ina elektroni 11, zilizopangika katika maganda kuzunguka kiini: 2, kisha 8, kisha 1. Klorini ina 17: 2, 8, 7. Ile moja ya sodiamu ikihamia kwa klorini, ganda la nje la kila moja linabaki na nane. Sodiamu inakuwa na mpangilio wa gesi ya neoni, na klorini wa gesi ya agoni. Agoni ilitambuliwa na Rayleigh na Ramsay mwaka 1894. Ni karibu asilimia moja ya hewa tunayovuta ukumbini humu, inaingia mapafuni na kutoka bila kuungana na chochote. Mwaka 1916 Walther Kossel, Mjerumani, na Gilbert Lewis wa California, kila mmoja kwa njia yake, walieleza kwamba atomi nyingine zinapoungana hufikia mpangilio ambao gesi hizo tayari zinao.

Hadi hapo ni somo la sekondari. Lakini darasani sisi walimu huwa tunaongeza sentensi moja, nami nimeitamka miaka mingi: kwamba sodiamu inapenda kutoa elektroni yake. Naomba tuiache, kwa sababu inamficha mwanafunzi jambo zuri kuliko yote.

Tupige hesabu. Chukua gramu 23 za sodiamu iliyogeuzwa mvuke. Kuing'oa elektroni moja kutoka kila atomi kunagharimu kilojuli 496. Haitolewi bure. Klorini ikizipokea elektroni hizo inarudisha takriban 349. Tumepungukiwa na kilojuli 147, na kama habari ingeishia hapo, chumvi isingekuwapo duniani.

Fidia inatoka kwingine. Sodiamu iliyopoteza elektroni ina chaji chanya, na klorini iliyoipata ina chaji hasi, zinavutana. Wala hazivutani mbili mbili tu. Katika fuwele ya chumvi kila sodiamu imezungukwa na klorini sita, na kila klorini na sodiamu sita, kila upande, hadi ukingo wa punje. Mkusanyiko huo unatoa kilojuli 787 hivi. Deni linalipwa na ziada kubwa inabaki. Utulivu wa sodiamu umo katika majirani zake sita na majirani wa majirani hao.

Mwanafunzi makini atauliza: mbona sodiamu isitoe elektroni ya pili, ivutwe kwa nguvu zaidi? Kwa sababu ya pili ingetoka katika lile ganda la nane, lililo karibu zaidi na kiini chenye protoni 11. Bei yake ni kilojuli 4,562, mara tisa ya ile ya kwanza, na hakuna fuwele ya sodiamu na klorini inayoweza kuilipa.

Si kila atomi inafikia nane kwa kupeana. Magadi tunayotia kwenye maharage ili yaive upesi yana njia zote mbili: kaboni na oksijeni zinashirikiana elektroni jozi kwa jozi, na sodiamu iko kando, imeshatoa yake. Wala nane si amri. Haidrojeni inatosheka na mbili, na mwaka 1962 Neil Bartlett aliifanya zenoni, gesi iliyodhaniwa haiungani na kitu, iungane.

Turudi kwa ngamia. Ulimi unapogusa chumvi, fuwele inavunjika, na molekuli za maji zinachukua nafasi ya wale majirani sita. Ndipo sodiamu inapopita katika damu na kupeleka ishara za neva, bila kurudi kuwa metali hata mara moja. Nyingine inatoka na maziwa, ndiyo ladha ya chumvi kwa mbali mnayoijua, na mitungi ikipakiwa hapa Isiolo kwenda Nairobi, kila sodiamu iliyomo inasafiri na elektroni kumi: mbili, na nane.