Vitabu vya Marubani, na Sisi Tulio Chini

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, mbele ya walimu na wanafunzi wa shule)



 Kamati iliniomba nizungumze juu ya vitabu vinavyomfaa kijana wa shule hii. Huenda baadhi yenu mlitegemea kwamba mtumishi wa Serikali atachagua vitabu vya utawala au vya uchumi. Nimechagua vitabu vya urubani. Msicheke. Nitawaeleza sababu, na mwisho nitatoa ombi.

Sababu ya kwanza ni kwamba vitabu hivyo vinahusu nchi yetu kuliko tunavyodhani. Anayetoka Mbulu kupitia Karatu na kupanda Ngorongoro hupita karibu na kaburi lililo ukingoni mwa kreta. Hapo amezikwa Michael Grzimek, Mjerumani aliyefariki tarehe 10 Januari 1959 akiwa na umri wa miaka 24. Yeye na baba yake, Bernhard, walirusha ndege ndogo kutoka Ujerumani hadi Serengeti. Ndege hiyo ilipakwa milia kama ya punda milia, na kazi yao ilikuwa kuhesabu wanyama kutoka angani. Michael alikuwa peke yake siku ndege yake ilipogongana na tumbusi ikaanguka. Baba alimaliza kitabu walichokusudia kukitoa pamoja, nacho kilichapishwa mwaka huo huo wa 1959. Kwa Kiingereza kinaitwa Serengeti Shall Not Die. Baba mwenyewe alifariki mwaka 1987, naye akazikwa pale pale.

Katika hesabu yao ya mwaka 1958 walipata nyumbu 99,481. Hesabu iliyofanywa na wengine mwaka 1961 ilipata nyumbu zaidi ya 200,000. Je, nyumbu walizaana mara mbili kwa miaka mitatu? Walikuwa wakiongezeka, ni kweli, lakini njia ya kuhesabu nayo inahusika. Jicho la mtu aliye katika ndege inayokwenda mbio huona kundi, halimwoni kila mnyama. Mwanafunzi anayekisoma kitabu kile na kalamu mkononi atajifunza kuuliza swali ambalo sisi maofisini tunalisahau mara nyingi: tarakimu hii imepatikanaje?

Kitabu cha pili ni cha mwanamke, Beryl Markham, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1902 na kukulia Njoro, Kenya. Alikuwa mfunzaji wa farasi wa mashindano, kisha akawa rubani. Alibeba barua na abiria, na aliwatafutia wawindaji tembo kutoka angani. Mwezi Septemba 1936 alivuka Bahari ya Atlantiki peke yake, kutoka Uingereza kuelekea magharibi. Alikaa angani zaidi ya saa 20, akaanguka katika tope la ufukwe wa Nova Scotia, Kanada, baada ya injini kukosa mafuta kwa sababu ya barafu iliyoziba njia ya hewa ya tangi. Alitoka akiwa hai. Kitabu chake, West with the Night, kilitoka mwaka 1942, kikasahauliwa, kikachapishwa tena mwaka 1983 na kupata wasomaji wengi. Wapo wanaobishana hadi leo kama alikiandika peke yake. Sisi tukisome tu, tuamue wenyewe.

Cha tatu ni Going Solo cha Roald Dahl, kilichotoka mwaka 1986. Huyu alifika Dar es Salaam mwaka 1938 kufanya kazi katika kampuni ya mafuta. Vita vilipoanza mwaka 1939 alikwenda Nairobi kujifunza kurusha ndege za kijeshi. Anasimulia kwamba kati ya vijana 16 waliojifunza pamoja, 13 waliuawa vitani. Mwenyewe alianguka katika jangwa la magharibi mwa Misri mwezi Septemba 1940. Alikuwa ameelekezwa mahali ambapo kikosi alichokitafuta hakikuwapo, na jua lilikuwa linakuchwa. Kosa dogo la ramani karibu limuue mtu.

Naweza kuongeza kitabu cha Michael Wood, daktari wa upasuaji aliyekuwa pia rubani. Mwaka 1957 yeye na wenzake wawili, Archibald McIndoe na Thomas Rees, walianzisha huduma ya madaktari wa ndege ambayo leo tunaijua kwa jina la Amref. Kitabu chake, Go an Extra Mile, kilitoka mwaka 1978.

Sababu ya pili inahusu masomo yenu. Kijana akisikia neno rubani hufikiri juu ya ushujaa. Vitabu hivi vikisomwa vizuri vinaonyesha jambo jingine: rubani anayezeeka ni yule anayepiga hesabu kabla ya kuondoka. Nitatoa mfano wa hapa hapa kwetu.

Mji wa Mbulu uko kiasi cha meta 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mwalimu wa fizikia amewafundisha kwamba hewa ya juu ni nyepesi kuliko ya pwani, na kwamba hewa ikipata joto hutanuka na kuwa nyepesi zaidi. Bawa la ndege linahitaji hewa nzito ili linyanyue, na injini inahitaji hewa hiyo hiyo ili ichome mafuta. Kipimo cha kawaida wanachotumia marubani husema kwamba usawa wa bahari una joto la digrii 15, na kwamba kila ukipanda meta 300 hivi joto hupungua digrii 2. Kwa hesabu hiyo, kwenye meta 1,700 joto la kawaida ni digrii 4 tu. Sasa chukua siku ya jua, saa nane mchana, joto ni digrii 25. Tumezidi kipimo kwa digrii 21. Kila digrii iliyozidi ni sawa na kuipandisha ndege meta 36 au 37 zaidi. Zidisheni: ni zaidi ya meta 750. Kwa hiyo ndege iliyosimama Mbulu kwenye meta 1,700 itaona hewa kama ile ya karibu meta 2,500. Itakimbia mbali zaidi kabla ya kunyanyuka, na ikinyanyuka itapanda polepole. Mbele yake kuna miti, na kule Hanang kuna mlima wenye meta zaidi ya 3,400.

Ndiyo maana rubani wa ndege ndogo hupenda kuondoka asubuhi kungali baridi. Ndiyo maana hupima uzito wa mizigo, na hata wa abiria, bila kumwonea haya mkubwa wala mdogo. Asiyejua sababu atasema rubani huyu ana maringo. Anayejua fizikia ya kidato cha pili na cha tatu atampa heshima yake. Hesabu niliyowafanyia sasa hivi ina kugawa, kuzidisha, kutoa na kujumlisha tu. Hakuna mwanafunzi hapa asiyeiweza.

Kwa wanaotaka kwenda mbali zaidi, kuna kitabu kiitwacho Stick and Rudder cha Wolfgang Langewiesche, kilichotoka mwaka 1944 na ambacho marubani wanakisoma hadi leo. Anaeleza kwa lugha nyepesi kwamba ndege huelea kutokana na pembe ambayo bawa linaikabili hewa. Pembe ikizidi, hewa hushindwa kulifuata bawa, na ndege huanza kushuka hata kama injini inanguruma. Rubani mgeni, akiona anashuka, atavuta usukani ainue pua, na hapo ndipo anapojiangamiza. Aliyefundishwa atasukuma pua chini kwanza. Inahitaji mafunzo mtu kutenda kinyume cha hofu yake.

Jambo jingine ni orodha ya ukaguzi. Tarehe 30 Oktoba 1935, huko Dayton, Marekani, ndege mpya ya Boeing iliruka na kuanguka muda mfupi baadaye. Marubani wake walikuwa wazoefu sana. Walisahau kufungua kufuli linaloshikilia mkia usitikiswe na upepo ndege inapoegeshwa. Wawili walifariki. Wenzao hawakusema kwamba marehemu walikuwa wazembe. Walisema kwamba ndege imekuwa na mambo mengi kuliko kichwa cha mtu mmoja, wakaandika orodha fupi ya kusomwa kabla ya kuruka. Tangu hapo orodha imeokoa watu wasiohesabika. Ndugu zangu tulio maofisini, mahospitalini na viwandani, somo hilo ni letu pia.

Sasa nije kwenye sababu ya tatu, ambayo ndiyo hasa iliyonisimamisha hapa.

Vitabu vingi nilivyovitaja vimeandikwa na watu walioiona Afrika Mashariki yetu kutoka juu. Sisi tumo ndani yake, lakini tumo kwa uchache. Markham anamtaja rafiki yake wa utotoni, Mnandi aitwaye arap Ruta, aliyemsaidia kutunza farasi na baadaye ndege. Dahl anamtaja mtumishi wake wa Dar es Salaam, Mdisho. Wawili hao wana bahati, majina yao yameandikwa. Wengine wengi wamebaki kuwa watu waliosimama pembeni mwa kiwanja wakipunga mikono.

Ndugu zangu, kiwanja cha ndege hakijilimi chenyewe. Hospitali ya Haydom ilianza mwaka 1955, na kwa miaka mingi ndege ndogo za shirika la MAF zimesaidia kufikisha kliniki za mama na mtoto katika vijiji vya mbali. Ndege hiyo ilipotua, nani alikuwa amefyeka majani? Nani aliziba mashimo ya nguchiro? Ni mtoto gani aliyewaswaga ng'ombe mbio mbio ili kiwanja kiwe wazi? Nani aliwaambia akina mama kwamba siku ni leo, na ni nani aliyeitundika mizani ya watoto kwenye mti? Rubani mwenye saa elfu kumi angani hawezi kutua penye ng'ombe. Kazi ya watu hao ilikuwa sehemu ya safari, sawa na petroli.

Watu hao wapo. Wengine ni babu na bibi zenu, Wairaqw, Wadatoga, Wanyiramba, Wahadzabe. Kila mwaka wanapungua. Tukiwazika bila kuwauliza, historia ya ndege katika milima hii itabaki ile iliyoonekana kutoka juu tu, na wajukuu wetu wataamini kwamba sisi tulikuwa watazamaji.

Na lugha tunayo. Neno rubani lilikuwa baharini kabla ya kupanda angani: lilikuwa jina la mtu anayekijua kina cha maji na kuuongoza mtepe au jahazi uingie bandarini salama. Usukani nao umetoka chomboni. Kiswahili hakikungoja ruhusa ya mtu. Mwana Mdogo wa Mfalme, hadithi ya rubani Mfaransa Antoine de Saint-Exupéry, imekwisha fasiriwa na kuchapishwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam. Mwandishi wake aliondoka Corsica na ndege tarehe 31 Julai 1944, asirudi. Kama hadithi yake imeweza kukaa katika Kiswahili, hadithi ya kiwanja cha kijijini kwenu itashindwaje?

Lakini msinielewe kwamba Kiingereza hakina kazi. Tangu mwaka 2008 marubani na waongozaji ndege wa safari za kimataifa wanatakiwa kufikia kiwango maalumu cha kusema na kuelewa lugha inayotumika redioni, na mara nyingi lugha hiyo ni Kiingereza. Nami sitawadanganya juu ya gharama. Masomo ya urubani ni ghali, na leseni ya biashara kwa kawaida huhitaji kiasi cha saa 200 za kuruka. Wengi wenu hamtakuwa marubani. Lakini ndege moja hubebwa na mafundi, waongozaji ndege, wapima hali ya hewa na wahasibu wa mafuta. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji na chuo cha usafiri wa anga, vyote vya Dar es Salaam, hufundisha baadhi ya kazi hizo. Mlango wake ni hesabu, fizikia na jiografia, masomo yale yale ambayo baadhi yenu mnayakimbia.

Ndugu Mwenyekiti, ombi langu lina sehemu mbili. Kwanza, sisi wanafunzi wa zamani tununue vitabu hivi, nakala mbili mbili, tuviweke katika maktaba ya shule, kabatini pasipo kufuli. Kitabu kinachofungiwa kisichakae hakina tofauti na ndege isiyotolewa bandani.

Pili, kila mwanafunzi atakayeazima kitabu kimoja arudishe na kurasa mbili alizoandika kwa Kiswahili. Asiandike muhtasari wa kitabu. Likizo ikifika, amtafute mzee mmoja anayekikumbuka kiwanja cha ndege, amuulize, aandike jina lake, jina la kijiji, kazi aliyoifanya na mwaka kama anaukumbuka. Ahakikishe kwa mzee mwingine, maana tumekwisha ona kwa nyumbu jinsi hesabu ya mara moja inavyoweza kupotosha. Gazeti hili lizichapishe kurasa hizo. Gharama za uchapaji za toleo la kwanza la kazi hiyo nitachangia mimi, na nawaomba wenzangu wa mwaka wangu waniunge mkono kabla hatujaondoka hapa leo. Karatasi ya majina iko kwa Ndugu Katibu.

Wadogo zangu, likizo yenu inaanza karibuni. Wazee wapo nyumbani. Nendeni mkawaulize.