Mazungumzo Baada ya Habari: Mpaka Ulio Wazi na Mnyonge wa Busia



Katika miaka ya 1970, Busia na Malaba zilijulikana kwa magendo. Kahawa ya Uganda ilivushwa usiku kwenda Kenya. Aliyetajirika ni mwenye fedha. Aliyehatarisha maisha ni mbeba gunia.

Leo sheria ni nyingine. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza tarehe 1 Januari 2005, na ushuru baina ya nchi wanachama ukaondolewa hatua kwa hatua. Mwaka 2018 kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa rasmi Busia, ili mzigo ukaguliwe mahali pamoja badala ya pawili.

Walakini, kufungua soko si kugawa pato. Mwenye lori ana wakala, ana ghala, na ana mtaji wa kungojea bei ipande. Mama mwenye kikapu cha nyanya au samaki hana hata kimoja, na bidhaa yake huoza. Akizuiliwa muda wa saa tatu, faida ya siku imekwisha. Akidaiwa “chai”, watoto hulala njaa. Ndiyo maana wengi hukimbilia njia za panya. Hivyo biashara ile ile humnenepesha mmoja na kumkondesha mwingine.

Lakini sheria haikumsahau. Bidhaa za Jumuiya zilizoorodheshwa, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, hupewa hati nyepesi ya asili ya bidhaa pale pale mpakani, nazo huvuka bila wakala wala ushuru wa forodha. Vibali vya afya hubaki pale vinapohitajika. Shida ni kwamba haki isiyojulikana ni sawa na haki isiyokuwapo.

Hapo ndipo penye wajibu wa askari. Yeye hapangi bei wala sera, lakini ndiye serikali ambayo mama huyo huiona kwa macho. Akimwelekeza kwenye dirisha la forodha badala ya kumtisha, amelinda mpaka mara mbili: mnyonge amepata riziki yake, na msafirishaji wa silaha amekosa umati wa kujifichia vichochoroni.

Wahenga walisema, mnyonge kupata haki ni mwenye nguvu kupenda. Sheria iliwekwa ili haki hiyo isingojee kupenda kwa mtu.