Kipande cha Maskini



Leo na tuitazame meza ya Krismasi ya Wakristo wa Ugiriki. Wao hawaifikii sikukuu kwa ghafula. Kanisa lao la Othodoksi hufunga siku 40, tangu tarehe 15 Novemba mpaka mkesha wa Krismasi, bila nyama, wala maziwa, wala mayai. Mkesha ukifika, akina mama huoka Christopsomo, yaani Mkate wa Kristo, wenye alama ya msalaba juu yake. Nao wakumbuka kwamba Bwana alizaliwa Bethlehemu, maana yake Nyumba ya Mkate.

Tarehe 1 Januari, siku ya kumkumbuka Basili, hukata mkate mwingine, vasilopita, uliofichwa sarafu ndani yake. Katika nyumba nyingi kipande cha kwanza ni cha Kristo, ndipo huja vya watu wa nyumbani. Wengine hutenga pia kipande cha maskini.

Basili huyo alikuwa kasisi, na tangu mwaka 370 askofu, wa Kaisaria katika Kapadokia, nchi iliyo Uturuki leo. Njaa kali ilipoingia karibu na mwaka 369, aliwahubiri matajiri mpaka wakafungua maghala yao, na yeye mwenyewe akawahudumia wenye njaa. Baadaye alijenga nje ya mji makao ya wagonjwa, maskini na wasafiri.

Ndugu zangu, hapa kwetu tutapika chapati, wali na nyama. Lakini kipande cha maskini ki wapi? Na tuungame. Mara nyingi sisi, hata wachungaji, tumempa maskini makombo, baada ya kushiba. Katika meza ile kipande chake hukatwa mkate ungali mzima, kabla hatujajua kama utatutosha. Makombo hayatugharimu kitu, kipande hutugharimu.

Basi Krismasi hii, kabla ya kujipakulia, na tumpakulie kwanza mjane wa jirani. Afadhali zaidi, tumwite aketi pamoja nasi.

Tuombe. Ee Bwana, Mkate wa Uzima, uliyejitoa mzima kwa ajili yetu, utufundishe kutoa kabla ya kushiba. Amina.