Uvivu wa Mtu Mwenye Kazi Mbili

Hotuba ya sherehe ya Uhuru, Desemba 9



Nimeombwa niseme neno juu ya vichwa saba vya dhambi: kiburi, choyo, wivu, hasira, uzinzi, ulafi na uvivu. Sita nawaachia mapadri na masheikhe. Nachukua uvivu, maana ndio tunaodhani haupo humu ukumbini. Nani mvivu hapa? Wapo wanaotoka zamu ya usiku na kuunganisha kazi ya pili.

Lakini dhambi hii haikuanza kwa maana ya kulala kitandani. Evagrius, mmonaki aliyefariki mwaka 399 katika jangwa la Misri, aliorodhesha mawazo mabaya manane. Baadaye Papa Gregori wa Kwanza (590–604) akaipanga upya orodha, yakawa saba. Evagrius mwenyewe alikuwa mgeni Misri. Kwao ni Ponto, katika Uturuki ya leo. Wazo moja aliliita akedia. Humjia mmonaki kati ya saa nne na saa nane mchana. Nao walihesabu saa kama sisi, tangu jua kuchomoza. Jua analiona halisogei. Anachungulia dirishani, anachukia mahali alipo na kazi ya mikono yake, anaona wenzake hawampendi, anakumbuka jamaa zake, anaamini maisha yako kwingine.

Je, si sisi hao? Miaka ishirini tunasema, "Mwakani tunarudi." Huku hatujatulia, kule hatupo. Mtoto hafundishwi Kiswahili, eti atajifunza tukirudi. Jirani hatumjui, eti tunapita tu. Mama kule Tabora fedha anatumiwa, sauti haisikii.

Sisemi kukumbuka nyumbani ni dhambi. Huko ni kupenda. Ubaya ni kukumbuka kusikozaa tendo lolote. Tena kazi nyingi zaweza kuwa njia ya kuukimbia wajibu ulio karibu: mikono iko mbioni, moyo umelala.

Mwaka 1961 wito ulikuwa "Uhuru na Kazi". Kazi hiyo si ya mshahara peke yake. Na dawa ya Evagrius ilikuwa ndogo: usikikimbie chumba chako, jipimie kazi, usiiache kabla hujaimaliza.

Basi tujipimie. Wazazi, nusu saa ya Kiswahili mezani kila jioni. Watoto, mpigieni bibi kila Jumamosi, hata kama Kiswahili ni cha kuokoteza. Atacheka, na atafurahi. Sisi sote, mchango wa msiba tuulipe kabla msiba haujabisha hodi.

Kurudi tutarudi, Mungu akipenda. Lakini watoto hawatusubiri turudi ndipo wakue. Wanakua leo, hapa hapa.

Uhuru na Kazi!